Ukurasa Uliofunguka Upesi Ukasema ya Jana

Jina lake lote, likitamkwa bila kulikata, ni Kidole-Juu binti Fundi Redio, mjukuu wa Bibi Debe. Bibi Debe ndiye aliyepita mtaa wa chini akigonga debe tupu kwa mwiko mto ulipofurika, wakati wazee wa leo walikuwa bado wanabebwa mgongoni, na hakuacha kugonga mpaka mlango wa mwisho ulipofunguliwa. Fundi Redio, mwanawe, alipanda juu ya paa lake mwenyewe akafunga kipaza sauti, na kila habari ya mto iliposomwa redioni aliifungulia mpaka wenye kuku wakaja kulalamika kwamba kuku hawatagi. Na Kidole-Juu, binti wa huyo, ndiye mwenye ukurasa. Ukitaka kujua mto umefika wapi, unatoa simu, unafungua ukurasa wake, unasoma. Nyumba ile ni ya watu wa kuonya wenzao, waombwe wasiombwe.

Jina lenyewe alilipata kwa woga. Alipokuwa mtoto, umeme ukimulika mbinguni alikuwa anajirusha chini ya meza ya babake, katikati ya matumbo ya redio mbovu, na hatoki. Baba hakumvuta. Alichuchumaa akamwambia kwamba umeme ukishamulika ainue kidole kimoja, ahesabu polepole mpaka ngurumo isikike. Ukihesabu sana, jambo liko mbali. Ukihesabu kidogo, liko karibu. Basi mtoto akainua kidole, akahesabu, na tangu siku hiyo kila kilichomtisha alikipima. Alipima kikohozi cha mama, alipima nyayo za mwalimu mkali kutoka ofisini hadi darasani. Woga haukumwisha hata chembe. Uliongezewa hesabu tu. Watoto wenzake wakamcheka, wakamwita Kidole-Juu, na jina likamganda kama rangi ya mlango.

Alipokua alipata kazi ofisi ya bwawa. Bwawa liko juu kabisa, mtaa wa chini uko chini kabisa, na mto ndio unaoviunganisha. Mvua ikizidi, malango ya bwawa hufunguliwa, la sivyo ukuta wenyewe utapasuka. Yakifunguliwa, watu wa chini wana muda wa kuanua nguo, kufunga mlango na kupanda kilima mpaka shuleni. Hawana muda wa kuzubaa. Kwa hiyo ofisi ikatengeneza ukurasa kwenye mtandao, na kazi ya kuutunza akapewa yeye, kwenye chumba cha ghorofani chenye meza tatu, feni inayolia kama mgonjwa, na dirisha linalotazama magari yaliyoegeshwa.

Mwanzoni aliona ukurasa wake hauna mpinzani. Pale ofisini, kwenye mtandao wao mnene, ulikuwa unafunguka kabla kidole hakijanyooka. Mpaka msimu mmoja wa mvua mamake akamwambia, bila nia mbaya, kwamba aliufungua, akaenda kuanua nguo, akazikunja, akarudi, bado kiduara kinazunguka. Kidole-Juu akanuna. Akasema simu ya mama ndiyo mbovu. Lakini Jumapili akaenda mwenyewe, akakaa kwenye kitanda cha mama chini ya mabati, akashika simu ile yenye ufa kwenye kioo, akafungua, akainua kidole.

Alihesabu. Mkono ukachoka, akaubadilisha. Kiduara kinazunguka. Mama akamuuliza kama atakunywa chai, akashindwa kujibu kwa sababu angepoteza hesabu. Ndipo alipoacha kuhesabu. Kwa muda ule aliohesabu, maji yangekuwa yameshapita kizingiti, na mama angali amekodolea kioo macho.

Toka hapo hakupima tena ofisini. Kila Jumapili alipimia kwa mama, kwa simu ile ile. Akapunguza. Ramani nzito yenye rangi nyingi akaichora upya kwa mistari. Herufi za mapambo akazitupa. Kila alichokitoa, hesabu ilipungua kidogo. Kikabaki kitu kimoja, picha ya Mkurugenzi, amevaa suti, anatabasamu juu kabisa ya ukurasa. Picha hiyo peke yake ilikuwa nzito kuliko maneno yote yaliyokuwa chini yake. Akamwendea Bosi, yule mkuu wa idara yao, akamweleza. Bosi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa upole, "Dada, ukiitoa hiyo picha, unataka mimi nikale wapi?"

Picha ikabaki. Kidole-Juu akatafuta njia nyingine, na njia ipo, kila mtu wa kazi ile anaijua. Unaiagiza simu kwamba kitu ikishakipakua mara moja, ikitunze ndani yake. Kesho mwenye simu akikihitaji, simu haisumbuki kukifuata mbali, inakitoa mfukoni. Picha ya Mkurugenzi, nembo, ramani, vyote hivyo havibadiliki, vitunzwe siku nzima. Ni maarifa mazuri. Ila siku anayaandika alikuwa na haraka, akawaza Jumapili na kidole chake, na agizo lile badala ya kulibandika kwenye chumba cha picha akalibandika kwenye mlango wa nyumba nzima. Na maneno nayo yakatunzwa. Hakujua. Kompyuta yake ya ofisini ilikuwa ya majaribio, imezuiwa kutunza chochote, na ya Bosi vivyo hivyo. Kila walipoangalia waliona mapya.

Jumapili ile, mara ya pili ya kuufungua, ukurasa ulifunguka kwa mama kabla Kidole-Juu hajasema moja. Wakatazamana. Mama akacheka mpaka akajifuta machozi, akaikwapua simu, akatoka nayo mlango hadi mlango. Mwanangu huyo, mjukuu wa Bibi Debe, hebu fungueni na nyinyi kila siku muone. Alimwonyesha hata Mzee Hapana, fundi viatu wa pale kwenye kona, aliyeitwa hivyo kwa kuwa jibu lake hutoka kabla ya swali. Mzee aliangalia, akasema hapana, kitu kinachojibu kabla hujamaliza kuuliza yeye hakiamini. Mama akamwambia lazima aone ajabu, maana kiatu kikiingia kwake kinakaa mpaka mguu wa mwenyewe unakua. Mtaa ukacheka wiki nzima.

Sasa ikaja mvua ile. Huko juu haikukatika tangu wiki ilipoanza, wakati mtaa wa chini palikuwa pakavu, watu wanaanika nguo. Siku ya kwanza Kidole-Juu aliandika kwamba maji yametulia, na ilikuwa kweli. Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, msimamizi wa malango akapiga simu kutoka bwawani, sauti yake imekauka. Alisema ukuta hauwezi kusubiri, malango yanafunguliwa jioni hii, watu watoke.

Kidole-Juu akaandika. HATARI. MALANGO YANAFUNGULIWA. MTAA WA CHINI HAMENI SASA HIVI, PANDENI SHULENI. Akabonyeza, akainua kidole. Ukatokea palepale, mwekundu. Bosi akafungua kwenye yake, mwekundu. Akashusha pumzi, akasema safi sana, akarudi kukaa. Kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa, na huo ndio uliokuwa ubaya wake.

Akampigia mama.

"Mama, uko wapi?"

"Nipo, nachambua mboga. Salamu zimekufa huko ofisini kwenu?"

"Shikamoo, Mama. Umefungua ukurasa?"

"Marahaba. Nimefungua sasa hivi kabla hujapiga. Mwanangu, unafumbuka kama jicho."

"Unasema nini?"

"Unasema maji yametulia, wakazi waendelee na shughuli zao. Una kijani kizuri. Mbona unahema hivyo?"

Kidole-Juu alisikia feni tu. Alitazama kioo chake chekundu, akasikia sauti ya mama ikisoma kijani, na kwa muda hakuelewa vitu hivyo viwili vinawezaje kuwa vya ukurasa mmoja. Kisha akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kama mtu amemmwagia maji ya mtungi kuanzia utosini. Akamwambia mama asome tarehe, pale juu, kwa maandishi madogo. Mama akaomba subira, akatafuta miwani, akaipata, akasoma. Ilikuwa ya jana.

Akamwelekeza aguse katikati ya ukurasa, auvute chini kwa kidole, auachie. Hiyo huilazimisha simu kwenda kuuliza upya. Kiduara kikazunguka, mama akawa anamsimulia kinavyozunguka, kisha akanyamaza. Mwanamke huyo hajawahi kunyamaza katikati ya sentensi tangu azaliwe. Kidole-Juu akajua amekwisha kuona nyekundu.

"Mama, aliyefungua jana, leo anaonyeshwa ya jana. Ni mkono wangu. Uliwaambia wangapi wafungue?"

"Wote," mama akasema. "Niliwaambia wote."

Hapo Kidole-Juu alipasuka vipande viwili. Kipande kimoja kilitaka kumwambia mama aache mboga, aache kila kitu, apande shuleni sasa hivi. Kipande cha pili kilijua kwamba kule chini hakuna mtu mwingine anayejua. Mama akamkatia shauri mwenyewe. Akasema akipanda peke yake, huko shuleni atakaa anamtazama nani. Akaitumbukiza simu kifuani bila kuikata, na kilichosikika toka hapo kilikuwa mkwaruzo wa nguo na ndala zikipiga chini.

Kidole-Juu akaiweka simu mezani, sauti juu, akamgeukia Bosi. Bosi akasema mbona kwake ni mwekundu. Akamweleza kwa pumzi fupi fupi kwamba huku ni mwekundu na kule ni kijani, kwa sababu ya agizo aliloliandika yeye vibaya. Bosi akasema basi alifute agizo. Akamwambia ameshalifuta, lakini haisaidii, kwa kuwa simu za kule haziji tena kuuliza. Zinajijibu zenyewe. Dawa ni kuweka ukurasa mwingine wenye anwani mpya, ambayo hakuna simu iliyowahi kuiona, na kuwatumia watu wote meseji yenye anwani hiyo.

Bosi akafuta jasho. Meseji ya watu wote inahitaji sahihi ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi yuko safarini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa sahihi. Wakati anafikiri, mezani simu ikasema kwa sauti ya mwanamume, kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya pipa, "Mama Kidole, jana ulisema huu ukurasa haujui kudanganya. Leo unadanganya. Sisi tukuamini ya lini?"

Alikuwa Mzee Hapana. Na nyuma yake kicheko, cha watu wengi, watu wa kona pale.

Kidole-Juu alitaka kuingia ndani ya simu. Mama aliyetembeza sifa zake nyumba hadi nyumba, ambaye hata kuazima chumvi anaona ni kujishusha, sasa amesimama mbele ya walewale, anawaambia kazi ya binti yake imeharibika. Nyuma ya kicheko alikuwa anausikiliza mto, kama unasikika. Hakujua mto ukija huwa unasikikaje kupitia nguo.

"Nichekeni," mama akasema. Sauti ilikuwa karibu, imejaa kifua kizima. "Nichekeni sana tu. Lakini mnicheke mkiwa mnapanda."

Kicheko kikapungua. Hakikuisha, kilipungua. Mama akaendelea kusema kwamba wasimwamini yeye, waguse katikati, wavute chini, waachie. Bosi, ambaye naye alikuwa ameinamia simu ile mezani, akanyanyuka bila neno, akaenda kwenye kompyuta ya meseji, akaituma. Sahihi hakusubiri. Alikosea neno la siri mara mbili kabla haijaondoka.

Dakika hizohizo Kidole-Juu alikuwa anatengeneza ukurasa mpya. Huo hakuupamba. Ramani akaiacha, nembo akaiacha, Mkurugenzi na tabasamu lake akawaacha hukohuko kwenye ukurasa wa zamani, wala hakuomba ruhusa ya mtu. Maneno matupu, mekundu, na saa imeandikwa juu kwa herufi kubwa kuliko zote. Ukawa mwepesi kama karatasi ya tikiti. Na ulipaswa kuwa hivyo, maana mtaa mzima ungeujia kwa pamoja, kupitia mnara mmoja wa simu unaokohoa hata siku za kawaida.

Simu mezani ikaleta sauti ya Mzee Hapana. Alisema hapana, hakuna kinachovutika. Akasema kiduara kinazunguka tu. Akasema hapana tena, polepole, namna nyingine kabisa. Kisha kitu kikaanguka kwa kishindo, pengine benchi lake, na sauti ya mzee ikapaa juu ya nyingine zote akiwaita majirani kwa majina, akiwaambia watoke, ni kweli, watoke. Mkwaruzo wa nguo, ndala, mlango, mtoto analia. Halafu simu ikakatika.

Alipiga. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani.

Kilichobaki ni kioo chake. Kila anayefungua ukurasa mpya huacha mstari mmoja kwenye kumbukumbu za mashine, na pembeni ya mstari huandikwa ulichukua muda gani kufunguka. Mstari wa kwanza ukatokea. Akainua kidole bila kujijua. Ukaja wa pili, ikaja mitano kwa mkupuo, ikaanza kumiminika, na muda wa kufunguka nao ukaanza kurefuka kidogokidogo, kama alivyoogopa. Akafikiria kama kuna cha kupunguza zaidi. Hapakuwa na cha kupunguza. Ukafika mahali ukagoma kurefuka, ukakaa. Kila mstari ulikuwa mtu. Mstari gani ni jirani, mstari gani ni mtu wa mbali anayeangalia kwa udaku tu, hakuweza kujua. Mstari wa mama hakuutegemea, mama alikuwa ameshajua.

Kisha mistari ikaisha. Haikupungua, ilikatwa kama uzi. Labda watu wamefunga simu wanapanda. Labda maji yameufikia mnara. Kidole kilikuwa juu na hakuwa na cha kuhesabu, kwa sababu hakujua ngurumo anayoisubiri ni ipi. Bosi alimletea maji kwenye kikombe, akakiweka pembeni ya simu. Nje magari yaliyoegeshwa yalikuwa yanameta kwa jua. Huku hakukuwa na tone la mvua, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Simu ilipolia ilikuwa na namba asiyoijua. Aliishika mikono miwili.

"Yangu imezima, hii simu ni ya huyu mzee wa viatu, kwa hiyo siongei sana," mama akasema. "Nimefika. Tuko shuleni wote, mpaka wale wa nyumba ya mwisho. Mboga nimeziacha kwenye ungo."

Kidole-Juu akalia mbele ya Bosi wake bila kuficha uso.

Maji yaliingia mtaa wa chini yakafika madirishani. Yalichukua kitanda cha mama, yakachukua benchi la Mzee Hapana na viatu vya watu vilivyokuwa vikingoja zamu. Mtu hayakumchukua. Asubuhi Kidole-Juu alipanda shuleni, akasimama mbele ya watu waliokaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewajia kidevuni, akawaeleza alichokosea, neno kwa neno. Wengine walimshika mkono. Wengine mpaka leo humsalimu wakitazama pembeni, na yeye hawalaumu. Mama aliacha kumsifia, kwa kama mwezi hivi. Picha ya Mkurugenzi haikurudi, na Bosi bado anakula.

Agizo la kutunza sasa limekaa kwenye chumba chake, la ramani na nembo tu. Maneno huulizwa upya kila mara. Saa imeandikwa kubwa mpaka wengine wanaudhika. Lakini woga haukumtoka. Alikuwa anaamka nao. Kila akifungua ukurasa ofisini na kuuona unafumbuka, moyo ulimwambia hayo ni ya huku, ya kule huyajui. Alikuwa ameshapima upesi kwa miezi, hakuwahi kuuliza hicho kilichofika upesi ni nini. Alihitaji macho ya kule kila siku. Mama alijitolea kabla hajamaliza kueleza, lakini Kidole-Juu akamkatalia.

Akaenda kwenye kona. Mzee Hapana alikuwa amekalia kreti la soda, benchi jipya halijachongwa, ana kiatu cha mtu mapajani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kama umekuja na habari za simu, hapana."

Alichuchumaa mbele yake, akamweleza hivyohivyo. Kila asubuhi, na kila mvua inaponyesha huko juu, afungue ukurasa kwa simu yake, palepale alipo. Kisha ampigie. Asimwambie umefunguka upesi. Amsomee tarehe, saa, na maneno, kama yalivyo, hata kama yanafanana na ya jana. Na yakifanana na ya jana, amgombeze.

Mzee alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Mama yako yupo. Kazi yake ni kukuimba. Mimi wa nini?"

"Mama atanisomea ninachotaka kusikia. Mimi nataka mtu asiyeniamini, Mzee wangu."

Mzee akamtazama kama anayekagua soli. Kisha akajipangusa gundi vidoleni, akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake iliyofungwa raba, akagusa. Kiduara kikaanza. Kidole-Juu, bila kukusudia, akainua kidole chake.

"Shusha hicho," mzee akasema. "Kazi umenipa mimi, nimeshika mimi."

Akakishusha. Mzee akasogeza simu mbali na macho, akakunja uso, akaanza kusoma kwa sauti, akianzia na tarehe.